MBWA MDOGO ALIYEACHWA NJIANI

Somo la afya ya nyumbani

Soma kwanza: Mithali 12:10, Luka 16:19-21, Mathayo 10:29-31.



Siku moja baba mmoja, shemasi wa kanisa hapa Mavivi, alinijia na shauri. Mbwa mdogo mwenye rangi ya udongo alikuwa amemfuata binti yake kutoka shule hadi mlangoni. Mbwa huyo alikuwa amekonda, mbavu zake zikihesabika, na sikio moja lilikuwa na kidonda. Mama wa nyumba alishika fimbo ya kumfukuza. Mtoto akalia, akamkumbatia mbwa shingoni. Baba akaniuliza, "Munganga, nifanye nini? Nikimfukuza, mtoto ataona sina huruma. Nikimpokea, je, sitaleta ugonjwa nyumbani mwangu?"

Swali hilo si la nyumba moja tu. Tangu Oktoba 2014 watu wa vijiji vingi vya Beni wamekimbia mauaji, wakaacha mashamba na nyumba. Mtu akimbiaye usiku humfunga mtoto mgongoni na kutwaa sufuria, mbwa hubaki. Ndiyo sababu twaona mbwa wasio na mwenyewe kando ya barabara itokayo Beni kupita Mavivi kwenda Oicha. Wengine wanatafuta chakula tu. Wengine wanatafuta watu wao.

Jibu la somo letu ni hili: Usimpige mawe, wala usimfungulie mlango ovyo. Ukiwa na nguvu za kumtunza, mpokee kwa utaratibu. Huruma ni njema, lakini huruma isiyo na akili yaweza kumwua mtoto.

1. MUNGU HUWAANGALIA WANYAMA

Mithali yatufundisha kwamba haki ya mtu huonekana hata katika jinsi anavyomtunza mnyama wa nyumbani mwake. Bwana Yesu naye alisema juu ya shomoro, ndege wa bei ndogo sana, kwamba Baba hamsahau hata mmoja wao. Basi Mkristo asiseme, "Huyu ni mbwa tu," halafu ampige mpaka avunjike mguu.

Wazee wetu pia walijua faida ya mbwa. Katika msitu wa Ituri wawindaji humvika mbwa kengele ya mti shingoni, kwa maana mbwa wa huko habweki sana, na kengele huwaonyesha alipo. Tena tangu 2011 walinzi wa Hifadhi ya Virunga wamekuwa na mbwa wenye pua kali waliofundishwa kufuata nyayo za wawindaji haramu. Mbwa mdogo wa nyumbani naye hulinda mlango, na humtuliza mtoto aliyeona mambo ya kutisha.

Lakini tusome vizuri habari ya Lazaro katika Luka 16. Mbwa walikuja wakalamba vidonda vyake. Kwa sababu hiyo watu wengine husema, "Ulimi wa mbwa ni dawa." Luka hakuandika kwamba vidonda vilipona. Habari ile yamwaibisha tajiri, ambaye hakumsaidia maskini aliyelala mlangoni pake. Haitufundishi dawa. Usimwache mbwa alambe kidonda chako hata siku moja, na sababu yake utaiona sasa.

2. UGONJWA UKAAO KATIKA MATE

Ugonjwa mkubwa tunaouogopa ni kichaa cha mbwa. Kijidudu chake ni kidogo sana, hakionekani kwa macho. Hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Huingia mwilini mwa mtu kwa jino, kwa ukucha, au mate yanapogusa kidonda, jicho au mdomo. Karibu watu wote wanaokufa kwa ugonjwa huu waliupata kwa mbwa. Na katika watu wanaoumwa na wanyama wanaodhaniwa kuwa na ugonjwa huo, kama 40 katika kila 100 ni watoto chini ya miaka 15.

Kijidudu hicho hutembea polepole katika mishipa ya fahamu kuelekea ubongo. Mara nyingi dalili huonekana baada ya miezi miwili au mitatu; pengine baada ya wiki moja, pengine baada ya mwaka mzima. Wakati huo wote mtu ajiona mzima. Lakini dalili zikianza, karibu hakuna anayepona. Mahali alipoumwa panawasha na kuchoma, homa yapanda, koo lajikaza akiona maji, naye aogopa hata upepo.

Sasa niwaambie jambo ambalo sipendi kulisimulia, lakini ni lazima.

Nilipokuwa ningali kijana katika kazi, nilitumwa kwenye disipanseri moja ya mbali. Mama mmoja alimleta mwana wake wa miaka kama saba. Mkononi alikuwa na alama mbili ndogo za meno. Mama akasema, "Ni kitoto cha mbwa tulichookota. Kilimwuma siku tatu zilizopita. Mtoto alificha, maana aliogopa baba yake atakiua." Kidonda kilikuwa kimeanza kukauka. Nikakipaka dawa, nikakifunga kitambaa cheupe, nikasema, "Mama, si kitu."

Sikuuliza, "Mbwa yuko wapi?" Kama ningaliuliza, ningalijua kwamba alikuwa amekwisha kufa asubuhi ile.

Baada ya wiki sita niliitwa usiku. Mtoto aliomba maji, na kikombe kilipokaribia midomo yake koo lilijikaza, akapiga kelele. Alikufa siku ya tatu. Mama hakunitukana. Alisema neno moja tu: "Munganga, ulisema si kitu."

Tangu siku ile sijasema tena "si kitu" juu ya jino la mbwa. Wala ninyi msiseme. Kitoto cha mbwa chenye meno kama sindano chaweza kuua kama mbwa mkubwa. Tena yaangalieni makosa yote mawili katika habari hii. La kwanza ni langu: sikuuliza. La pili ni la nyumba ile: mtoto aliogopa kusema.

3. DAWA IPO, LAKINI YATAKA HARAKA

Mwaka 1885 mtoto mmoja wa miaka 9 jina lake Joseph Meister aliumwa mara nyingi na mbwa mwenye kichaa. Mama yake akamchukua mpaka Paris kwa Louis Pasteur. Tarehe 6 Julai, siku mbili baada ya mtoto kuumwa, wakaanza kumpiga sindano za chanjo ambayo Pasteur alikuwa ameitengeneza. Alipigwa sindano 13 katika siku chache. Hakuugua kamwe, akaishi mpaka akawa mtu mzima.

Tazameni: mama yule hakungoja aone dalili. Chanjo ya siku hizi ni bora kuliko ile ya Pasteur, na sindano zake ni chache. Lakini kanuni ni ile ile: sindano hufika kwanza, au ugonjwa hufika kwanza.

4. KABLA MBWA HAJAINGIA NYUMBANI

Mtazame kwanza kwa mbali. Mbwa mwenye njaa huja kwa woga, mkia umeshuka, naye hufuata harufu ya chakula. Mbwa mwenye kichaa ni tofauti. Mate humtiririka, taya la chini hulegea, sauti hubadilika, hutembea kama mlevi, huuma hata mti na mawe. Pengine hajifanyi mkali. Hujificha gizani na hawezi kumeza. Na mbwa wa porini au mbwa mgeni anayejileta ghafula kwa upole usio wa kawaida, usimguse. Ukiona dalili hizo, waite watoto ndani, waarifu mkubwa wa kijiji na munganga wa wanyama. Usijaribu kumkamata kwa mikono.

Kama haonyeshi dalili hizo, uliza habari zake. Je, ana mwenyewe? Tangazo litolewe kanisani na kati ya wakimbizi waliopangishwa nyumba za jirani. Labda kuna mtoto mahali pengine anayemlilia mbwa huyu kila usiku. Kumrudisha mbwa kwa watu wake ni bora kuliko kumfanya wako.

Kisha jiulize wewe mwenyewe: Je, ninacho chakula cha kumpa kila siku? Je, nitapata fedha za chanjo? Je, nina kitoto kitambaacho chini? Kama huwezi, si dhambi kusema huwezi. Afadhali umtafutie nyumba nyingine kuliko kumpokea leo na kumtupa tena baada ya mwezi mmoja.

5. SIKU ZA KWANZA

Mfanyie mahali pake nje, penye kivuli na pakavu: sanduku la mbao au pembe ya jiko la nje. Mfunge kwa kamba ndefu, isiyobana shingo. Mwekee maji safi. Mtu mzima mmoja tu amhudumie kwanza. Asimkodolee macho, asimwinamie juu ya kichwa. Achuchumae kando, aweke chakula chini, angoje. Mbwa aliyepigwa hujifunza polepole kwamba mkono waweza kuleta chakula.

Usimpe chakula kingi siku ya kwanza, maana tumbo lililokaa na njaa hukataa. Mpe kidogo kidogo mara tatu au nne: bugali laini na ndakala zilizochemshwa bila chumvi nyingi. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa. Huvunjika kama miiba na kutoboa matumbo. Usimpe vitunguu.

Mpeleke kwa munganga wa wanyama upesi, kwa mambo matatu.

Kwanza, chanjo ya kichaa. Kwa kawaida hupigwa tangu umri wa miezi mitatu, na vitoto vidogo zaidi vyaweza kupigwa pia. Hurudiwa kama ilivyoandikwa katika karatasi yake. Itunze karatasi hiyo pamoja na karatasi za watoto. Lakini fahamu hili: mbwa usiyejua habari zake aweza kuwa alikwisha kuumwa kabla hujamwona, na ugonjwa hulala mwilini mwake wiki nyingi, hata miezi. Kwa hiyo, hata baada ya chanjo, endelea kumwangalia.

Pili, dawa ya minyoo. Vitoto vya mbwa hupata minyoo kwa mama yao, hata kabla ya kuzaliwa. Mayai ya minyoo hutoka na mavi, hukaa udongoni, kisha huingia kinywani mwa mtoto achezaye chini. Humo yaweza kuharibu ini, mapafu, hata jicho. Kwa hiyo okota mavi kila siku kwa jembe, uyazike mbali na kisima na bustani ya mboga. Usikisie dawa ya minyoo. Munganga aipime kwa uzito wa mbwa.

Tatu, ngozi. Viroboto, kupe na upele huonekana kwa macho. Funza waingiao katika miguu yetu huingia pia katika nyayo za mbwa, na mbwa aliye nao huwasambaza uwanjani. Mchunguze kila wiki. Usimpake petroli wala mafuta ya taa. Huchoma ngozi, naye akiyalamba hupata sumu.

Na kama ni jike, uliza habari ya kumfunga uzazi. Mimba ya mbwa ni miezi miwili tu, na vitoto vitano visivyo na chakula vitakuwa mbwa watano wa njiani.

6. AMRI ZA WATOTO

Wafundisheni watoto mambo haya mpaka wayajue kwa moyo:

Usimguse mbwa anapokula, anapolala, au anaponyonyesha.

Usimvute mkia wala masikio. Usimnyang'anye mfupa.

Mbwa mgeni akija, usikimbie. Simama kama mti, mikono chini, usimtazame machoni. Ukianguka, jikunje kama jiwe na ufunike shingo na masikio.

Usimbusu mbwa mdomoni, wala asilale kitandani mwako.

Nawa mikono kwa sabuni baada ya kucheza naye na kabla ya kula. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, sisi wa Beni tulijifunza kunawa mlangoni pa kila nyumba. Desturi ile njema tusiitupe.

Na amri kubwa kuliko zote: Mbwa akikuuma au akikukwaruza, hata kidogo, sema siku ile ile. Ninyi wazazi mwapaswa kuahidi neno hili mbele ya mtoto: "Ukisema, hatutakupiga, wala hatutamwua mbwa kwa hasira." Mtoto asiyeahidiwa hivyo ataficha.

7. MBWA AKIUMA

Fanya hivi kwa utaratibu:

(a) Osha kidonda mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayomiminika, muda wa dakika 15 kamili. Huo ni muda mrefu, usichoke. Kama hakuna bomba, mtu mmoja amimine kwa kikombe na mwingine aoshe. Sabuni huua kijidudu kile.

(b) Paka dawa ya iodini kama ipo. Usiweke pilipili, majivu, mafuta, majani wala jiwe jeusi. Usifunge kwa nguvu wala kushona.

(c) Nenda hospitali siku ile ile, hata kama mbwa ana karatasi ya chanjo. Mwambie munganga kila kitu: mbwa wa nani, aliumaje, yuko wapi. Asipouliza, mwambie. Munganga ataamua juu ya chanjo, na pengine juu ya dawa nyingine ya kuzuia inayopigwa kando ya kidonda. Ataangalia pia habari ya pepopunda. Chanjo haipatikani kila kituo. Basi ulizeni leo, kabla ya shida, mahali inapopatikana.

(d) Maliza sindano zote katika siku zilizoandikwa. Usiache kwa sababu kidonda kimekauka.

(e) Usimwue mbwa. Mfunge mahali salama, mpe chakula na maji kwa mti mrefu, umwangalie siku 10. Akiwa mzima baada ya siku hizo, mate yake hayakuwa na kijidudu siku aliyouma, na munganga aweza kukatisha sindano. Akiugua, akifa au akitoroka, peleka habari mbio. Mzoga usiguswe kwa mikono mitupu, wala nyama yake isiliwe. Waarifu waganga wa wanyama kwanza, kisha uzikwe chini sana.

8. MWISHO WA HABARI YA SHEMASI

Yule shemasi alirudi nyumbani. Kwanza alimwosha binti yake mikono na uso kwa sabuni, akamchunguza kama amekwaruzwa au amelambwa kidondani. Hakukuta kitu. Tangazo likasomwa kanisani Jumapili mbili, hakutokea mwenyewe. Akauza debe la maharagwe, akampeleka mbwa Beni kwa chanjo na dawa ya minyoo. Mama wa nyumba, aliyeshika fimbo, ndiye aliyempa bugali kila asubuhi.

Mwezi wa nne mtoto alisahau amri, akamnyang'anya mbwa mfupa. Mbwa akamwuma kidole. Damu ikatoka kidogo tu. Baba alikuwa shambani. Mtoto alisimama mlangoni akitetemeka, akasema, "Mama, ameniuma. Kosa ni langu." Mama akakumbuka ahadi. Hakupiga kelele. Akatwaa sabuni na ndoo, akaosha, mtoto akimba wimbo wa Shule ya Jumapili tena na tena mpaka dakika 15 zilipotimia. Saa ile ile walishika njia ya hospitali. Mbwa alifungwa siku 10, akala, akanywa, akabweka kama kawaida. Mtoto ni mzima. Mbwa naye yupo mpaka leo, analinda kuku.

Ndugu zangu, nyumba ile haikuokolewa na mbwa mpole. Iliokolewa na mtoto aliyeweza kusema kosa lake bila kuogopa. Je, si hivyo pia mbele ya Baba yetu wa mbinguni? Dhambi iliyofichwa ni kama jino la mbwa lililofichwa. Kwa nje ngozi imekauka, na ndani mauti inatembea. Lakini aliyemwendea mapema na kusema kweli hakufukuzwa kwa fimbo.

MASWALI YA KUJIBU NYUMBANI

1. Kwa nini haifai mbwa alambe kidonda?

2. Kidonda cha jino la mbwa huoshwa kwa nini, na kwa muda gani?

3. Kwa nini mbwa aliyeuma asiuawe mara moja?

4. Je, umewaahidi watoto wako kwamba wakisema hawatapigwa? Kama bado, waite jioni hii.

OMBI

Ee Bwana, wewe unayewakumbuka shomoro, utupe huruma kwa viumbe vyako na akili ya kuwalinda watoto wetu. Uwakumbuke waliokimbia nyumba zao, na uwarudishe kwa amani. Utufanye wazazi ambao watoto hawaogopi kuwaambia kweli. Katika jina la Yesu. Amina.